Shajara ya mradi: kitini cha armadilo katika utafiti wa ukoma

Lengo ni kitini cha Kiswahili kisichozidi kurasa 40, kwa mafundi sanifu wa maabara, madaktari wa mifugo na wanafunzi wa baiolojia. Kinaeleza armadilo, mnyama wa Amerika mwenye gamba gumu, anavyopatikana, anavyotunzwa, anavyoambukizwa ukoma, kinachovunwa mwilini mwake, na mahali kazi inapoharibikia. Afrika haina armadilo wa porini, na kitini hakimfundishi mtu kumfuga. Kazi yake ni kumwezesha anayesoma taarifa ya utafiti kutoka Louisiana, Marekani, kujua kila namba imetoka wapi.

Wiki ya 1: jina la mnyama

Rasimu ya kwanza ilimwita "kakakuona wa Amerika". Jina hilo limeondolewa kote. Magamba ya kakakuona ni ya dutu ileile ya kucha, na hana meno. Gamba la armadilo ni vibao vya mfupa vilivyoota ndani ya ngozi, na anayo meno madogo kama vigingi. Kiukoo, kakakuona yuko karibu na mbwa na paka kuliko alivyo karibu na armadilo. Zaidi ya hayo, kakakuona anawindwa mno na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Kitini kinachoweka neno "kakakuona" kando ya neno "ukoma" kinaweza kuzaa uvumi wa dawa, na uvumi wa aina hiyo hauzimwi kwa masahihisho ya toleo la pili.

Tunaandika "armadilo". Spishi inayohusika ni armadilo wa mikanda tisa, *Dasypus novemcinctus*, mwenye uzito wa kilo 4 hadi 5 akiwa mzima. Mikanda yenyewe hutofautiana, 7 hadi 11, kwa hiyo mchoraji asihangaike ikiwa picha ya rejea ina 8.

Wiki ya 2: sura ya joto

Sura hii sasa ndiyo ya kwanza, kwa sababu bila joto hakuna kinachoeleweka huko mbele. Armauer Hansen alimwona bakteria wa ukoma Bergen, Norwe, mwaka 1873, na mpaka leo *Mycobacterium leprae* hajakubali kuota kwenye chupa wala sahani ya maabara. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2001 sababu ilionekana: jeni zinazofanya kazi ni kama 1,600 tu, na pembeni yake kuna mabaki zaidi ya 1,100 ya jeni zilizokufa. Bakteria huyu amepoteza zana nyingi za kujitegemea. (DNA iliyosomwa ilitoka kwa bakteria wa mgonjwa wa Tamil Nadu, India, waliokuzwa ndani ya armadilo. Maelezo haya yamehamishiwa kwenye kisanduku cha pembeni.)

Hustawi kwenye joto la nyuzi 33 hivi. Mwili wa binadamu una 37, ndiyo maana ukoma hushambulia sehemu zake za baridi: pua, masikio, vidole, na neva zinazopita chini tu ya ngozi kama ile ya kiwiko. Armadilo mzima ana nyuzi 32 hadi 35, hadi ndani kabisa. Ini lake ni la baridi kama sikio letu. Kinachobaki ukingoni kwa mgonjwa, kwake huingia kwenye ini, bandama na tezi za limfu.

Historia imefupishwa kuwa aya moja. Charles Shepard alionyesha mwaka 1960 kwamba bakteria elfu chache wakidungwa kwenye unyayo wa panya huongezeka hadi kama milioni 1, kisha kinga ya panya huwazuia. Ilitosha kupima dawa, haikutosha kutengeneza chochote. Mwaka 1971 Waldemar Kirchheimer wa Carville na Eleanor Storrs wa New Iberia, wote Louisiana, walitangaza armadilo aliyeambukizwa maabara na ukoma ukamsambaa mwili mzima. Storrs alikuwa akiwachunguza armadilo kwa sababu nyingine: jike huzaa watoto wanne kwa mkupuo, wote kutoka yai moja lililogawanyika, wote jinsia moja, pacha kamili.

Wiki ya 3: hitilafu ya vipeo

Faili iliponakiliwa kutoka programu moja kwenda nyingine, vipeo vyote vilishuka. Kumi kwa kipeo cha 9 ikasomeka 109. Kwa hiyo rasimu ilisema armadilo hudungwa "bakteria 109", na msomaji wa kwanza hakushtuka, maana 109 ni namba inayowezekana. Hilo ndilo baya lake: kosa la kupungukiwa mara karibu milioni 10 lilipita likiwa na sura ya kawaida.

Uamuzi: ndani ya maandishi tunaandika milioni, bilioni, trilioni kwa maneno. Vipeo vinabaki kwenye majedwali tu, na kila jedwali liwekwe kama picha.

Wiki ya 4 na 5: upatikanaji, karantini, makazi

Armadilo hazaani kwa uhakika akiwa kifungoni. Hakuna banda la kuwazalisha kama panya, kwa hiyo karibu wote wa maabara wamekamatwa porini, usiku, kwa wavu wa mpini mrefu. Hapa pana mtego. Tangu mwaka 1975 inajulikana kwamba baadhi ya armadilo wa porini wa Louisiana tayari wana ukoma. Ukimwingiza mmoja kama huyo kwenye jaribio, miaka 2 baadaye unavuna bakteria usiowajua na kuwapa jina la wako.

Orodha ya karantini sasa inasomeka hivi. Mnyama apimwe uzito na apewe dawa za minyoo na antibayotiki. Damu ipimwe kingamwili dhidi ya PGL-1, mafuta ya pekee yaliyo kwenye ukuta wa *M. leprae*. Kikatwe kipande kidogo cha sikio kipimwe kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya bakteria. Vipimo vyote viwili ni vya lazima: kingamwili huchelewa kuonekana kwa aliyeambukizwa karibuni, na kipande cha sikio kinaweza kukatwa mahali pasipo na bakteria. Baada ya hapo asubiri miezi kadhaa kabla ya sindano. Wengi hukonda wanapoingia kifungoni, na asiyerudisha uzito asiingizwe.

Jike ni suala la peke yake. Kiinitete hukaa miezi 3 hadi 4 kabla ya kujishikiza kwenye mji wa mimba, kwa hiyo jike aliyekamatwa msimu wa kupukutika majani anaweza kuonekana mkavu kumbe ana mimba, akajifungua wanne ndani ya kizimba Machi au Aprili. Rasimu ya kwanza haikulitaja hili.

Makazi: chumba kiwe na nyuzi 24 hadi 27. Armadilo hana manyoya ya maana wala mafuta ya kutosha, na umetaboli wake ni wa polepole, hivyo chumba kinachomfaa sungura yeye kinamtetemesha. Sakafu ya waya au saruji ya kuparuza humchubua nyayo, na hili si suala la ustawi pekee, linaharibu matokeo: kidonda cha mguu ni mojawapo ya dalili za ukoma tunazotafuta baadaye. Fundi asiyeandika michubuko ya wiki ya kwanza hataweza kusema kidonda cha mwezi wa 20 kimetokana na nini. Sakafu iwe laini, na kuwe na karatasi zilizochanwa ajifukie, maana asipopata pa kujificha hukwaruza ukuta usiku kucha mpaka kucha zikatoka damu.

Chakula: punje kavu za paka, zilizolowekwa. Kuna taarifa za armadilo wa kifungoni waliovuja damu kwa upungufu wa vitamini K, basi anayebadilisha chakula alitazame hilo kwanza.

Kumshika: shina la mkia kwa mkono mmoja, gamba la mgongo kwa mwingine, glavu za ngozi. Akishtuka huruka wima, na uso wa fundi aliyeinama huwa hapo hapo juu yake.

Wiki ya 6: sindano na kusubiri

Rasimu ilipendekeza kumlaza usingizi kwa gesi peke yake kupitia barakoa. Imekataliwa. Armadilo huchimba akiwa amefunga pumzi, na anaweza kuendelea hivyo dakika kadhaa. Ukimwekea barakoa hufanya vivyo hivyo: kifua kimetulia, fundi anadhani dawa imekolea, kumbe mnyama hajavuta hata mara moja. Akivuta, huvuta kwa nguvu na dozi inaingia yote kwa mpigo. Dawa ya kuanzia iwe ya sindano, kama ketamini ikichanganywa na dawa ya kulegeza misuli. Gesi ije baadaye, kwa kudumisha usingizi.

Dozi ya kuambukiza iliyozoeleka ni bakteria bilioni 1 kupitia mshipa wa damu, kwa kawaida safena ya mguu wa nyuma. Ikidungwa ndani ya ngozi ugonjwa huja polepole zaidi na hubaki pale pale kwa muda mrefu. Kisha kusubiri: miezi 18 hadi 24, pengine zaidi.

Tumeongeza hesabu ndogo kwa sababu wasomaji wawili wa rasimu waliuliza swali lile lile. *M. leprae* hugawanyika mara moja kila siku 12 hadi 14. Kutoka bilioni 1 kufika trilioni 1 ni mara elfu, yaani migawanyiko 10. Mara siku 13, ni siku 130. Miezi 18 inatoka wapi? Hesabu ya siku 130 inachukulia kwamba kila bakteria aliyedungwa yu hai na kila mtoto wake anasalimika. Wengi katika dozi walikuwa wamekufa kabla ya kuingia kwenye sindano, na walio hai wengi huliwa na seli za kinga siku za mwanzo. Si kila armadilo huugua pia. Wapo wanaowamaliza bakteria wote na kubaki wazima. Ndiyo maana mpango wowote wa wanyama wachache sana ni wa kutiliwa shaka.

Wiki ya 7: kuhesabu kwa hadubini

Sura iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na inastahili.

Matone matatu ya mikrolita 10 huwekwa kwenye slaidi, kila moja ndani ya duara la kipenyo cha milimita 10, yakauke yakiwa yamesambaa sawasawa. Hupakwa rangi ya Ziehl-Neelsen, inayowaonyesha bakteria wa jamii hii wakiwa wekundu, yakasomwa kwa lenzi ya mafuta ya 100. Mfano wa zoezi:

Eneo la duara: 78.5 mm².
Kipenyo cha uwanja wa hadubini: 0.18 mm, eneo 0.0254 mm².
Nyanja katika duara moja: 78.5 ÷ 0.0254, kama 3,090.
Wastani wa bakteria kwa uwanja: 12.
Bakteria katika mikrolita 10: 12 × 3,090 = 37,080.
Kwa mililita 1: milioni 3.7.
Sampuli ilizimuliwa mara 1,000, kwa hiyo mchanganyiko wa asili una bilioni 3.7 kwa mililita.
Dozi ya bilioni 1: mililita 0.27, ijazwe salaini mpaka mililita 1.

Kila mtu apime uwanja wa hadubini yake kwa slaidi yenye rula. Aliyechukua 0.20 badala ya 0.18 amekosea kwa asilimia 19 kabla hajahesabu bakteria hata mmoja, kwani kosa la kipenyo linazidishwa lenyewe kwa lenyewe.

Mengine yanayoharibu hesabu: *M. leprae* hujikusanya vifungu kama sigara kwenye pakiti, na fundi mchovu huhesabu kifungu kama mmoja. Mchanganyiko upitishwe kwenye sindano nyembamba mara kadhaa kabla ya kudondosha. Tone linalokauka vibaya husukuma bakteria ukingoni, basi nyanja zisomwe kwa mstari unaokata duara kutoka upande hadi upande na kupita katikati, zisiokotwe pale panapopendeza. Maji ya bomba ya kusuuzia slaidi yanaweza kuwa na mikobakteria wake, wekundu vilevile, kwa hiyo tumia maji yaliyochujwa na uwe na slaidi tupu ya kulinganishia.

Kwa vipande vya tishu Ziehl-Neelsen ya kawaida haitoshi. Zaileni ya kuyeyushia nta huondoa pia mafuta yanayomfanya bakteria ashike rangi, na *M. leprae* ana ushikaji dhaifu kuliko wa kifua kikuu. Njia ya Fite huchanganya zaileni na mafuta ya karanga, na asidi ya kuondolea rangi huwa hafifu. Ndiyo, karanga za kawaida. Msomaji mmoja alidhani ni kosa la tafsiri.

Wiki ya 8: mavuno na usafishaji

Ini, bandama na tezi za limfu za armadilo aliyeugua sana huweza kutoa zaidi ya bakteria bilioni 1 kwa kila gramu. Viungo hutolewa kwa usafi wa chumba cha upasuaji, na kipande cha kila kimoja hupandwa kwenye Löwenstein-Jensen, chakula cha kuoteshea bakteria wa kifua kikuu. Hapa kanuni inapinduliwa: kwenye maabara ya kifua kikuu unafurahi kikiota kitu, huku kinachoota ni uthibitisho kwamba mavuno yamechafuka, maana ukoma hauoti.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha IMMLEP, mpango wa utafiti wa kinga dhidi ya ukoma, mwaka 1974, na benki ya tishu za armadilo ikawekwa Mill Hill, London. Utaratibu wa Philip Draper ndio uliotumika: tishu zilizogandishwa huuliwa kwa mionzi ya gama ya kiasi cha kilogrei 25, husagwa, kisha bakteria hutenganishwa na uchafu wa ini kwa Percoll, kimiminika cha kutenganisha vitu kwa msongamano wao, na kwa mchanganyiko wa polima mbili, dekstrani na polietilini glaikoli, zinazojitenga tabaka mbili kama mafuta na maji. Mpangilio huo ulikuwa na shabaha moja, kupata bakteria safi waliokufa. Katika shehena hizo zilitoka lepromini ya kipimo cha ngozi (milioni 40 kwa mililita, hudungwa mililita 0.1) na PGL-1 yenyewe, iliyopatikana kwenye ini la armadilo.

Zilitoka chanjo pia. Jacinto Convit wa Venezuela alichanganya BCG, chanjo ya kifua kikuu, na bakteria milioni 600 wa armadilo waliouawa. Kwa kipimo hicho, armadilo mwenye trilioni 1, hata usipopoteza kitu wakati wa kusafisha, anatosha watu 1,666. Matokeo ya Venezuela yaliyochapishwa 1992 hayakuonyesha faida ya ziada juu ya BCG. Karonga, wilaya ya kaskazini mwa Malawi inayopakana na Tanzania, zaidi ya watu 120,000 waliingizwa kwenye jaribio la aina hiyo. Taarifa ya 1996 ilisema BCG ya mara ya pili ilipunguza ukoma kwa karibu nusu, na bakteria wa ukoma waliouawa hawakuongeza kitu. Tumeipa Karonga ukurasa mzima, kwa kuwa ndiyo sehemu ya simulizi hii iliyofika jirani kabisa na wasomaji wetu, na jibu lake halikutegemewa.

Wiki ya 9: wengi si sawa na walio hai

Sura ya "kiwanda cha bakteria" imepunguzwa nusu, kwa sababu mambo yamebadilika. Bakteria hai wa majaribio leo hupatikana kwenye nyayo za panya wasio na thaimasi (tezi inayokomaza seli za kinga), ambao hawana kinga ya kuwazuia. Aina ya Thai-53 hutunzwa hivyo Louisiana, mavuno baada ya miezi 4 hadi 6. Panya hao ni wadogo, huzaliwa maabara, na bakteria wao wana uhai wa juu. Armadilo aliyefika mwisho wa ugonjwa amejaa bakteria, lakini wengi ni mizoga: *M. leprae* aliyekufa huchukua muda mrefu sana kusafishwa na mwili, na rangi ya Ziehl-Neelsen haibagui, humpaka hai na maiti.

Kupima uhai: bakteria hupewa asidi ya palmitiki yenye kaboni-14, na gesi ya kaboni yenye mionzi wanayoitoa hupimwa kwa siku 7. Au hupakwa rangi mbili, ya kijani kwa wote na nyekundu kwa wenye utando uliotoboka. Walio hai wasigandishwe, wawekwe nyuzi 4, watumike ndani ya saa 24. Tanuri la nyuzi 37, ambalo kila maabara ya bakteria inalo limewashwa, linawaua taratibu. Bango jekundu kuhusu hilo litachapishwa kwenye jalada la ndani.

Wiki ya 10: neva

Kama panya ametwaa kazi ya uzalishaji, armadilo amebaki na ipi? Neva. Ukoma ni ugonjwa wa neva kabla ya kuwa wa ngozi, na panya haonyeshi uharibifu wa neva kama wa binadamu. Armadilo anaonyesha: bakteria huingia kwenye seli za Schwann zinazozingira nyuzi za neva, neva ya tibia ya nyuma huvimba, misuli ya unyayo hudhoofu, vidonda hutokea.

Kipimo ni cha umeme. Neva hushtuliwa nyuma ya kifundo cha mguu, na mwitikio wa misuli ya unyayo hurekodiwa: kimo cha wimbi na kasi. Hapa joto linarudi. Kasi ya neva hushuka takriban mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja inayopungua, na mguu wa armadilo aliyelala usingizi wa dawa hupoa haraka kwenye meza ya chuma. Ukimpima wa kwanza saa 3 asubuhi mara tu alipolala na wa pili baada ya dakika 40 mezani, umepata "ugonjwa wa neva" uliosababishwa na meza. Blanketi la joto, kipimajoto kwenye ngozi ya mguu, na joto liandikwe kando ya kila wimbi. Rekodi isiyo na joto itupwe.

Kwa njia hii chanjo ya LepVax ilijaribiwa kwa armadilo waliokwisha kuambukizwa, na taarifa ya 2018 ilionyesha kwamba uharibifu wa neva ulichelewa. Kikwazo kilichobaki ni vitendanishi: kingamwili za kutambulia seli za kinga za armadilo ni chache mno dukani. Jenomu yake imesaidia kwa sehemu, maana usemi wa jeni unaweza kupimwa kwa PCR.

Wiki ya 11: porini

Aya fupi, isije ikamtisha mtu bure. Mwaka 2011 aina moja ya *M. leprae*, 3I-2-v1, ilipatikana kwa armadilo 28 kati ya 33 wa porini wenye ukoma ambao bakteria wao walichunguzwa kusini mwa Marekani, na kwa wagonjwa 25 kati ya 39 walioishi maeneo ambako armadilo wa aina hiyo wangeweza kuwafikia. Mwaka 2018, katika jimbo la Pará, Brazili, ambako watu huwala, armadilo 10 kati ya 16 walikuwa na bakteria wa ukoma. Kwa Afrika tumetaja sokwe wa Guinea-Bissau na Côte d'Ivoire waliothibitishwa kuwa na ukoma mwaka 2021, bila armadilo yeyote karibu.

Yanayosubiri

Mchoro wa neva ya tibia umerudi ukiwa na mguu wa nyuma wenye vidole vinne. Armadilo ana vitano nyuma, vinne mbele. Unachorwa upya.

Jedwali la joto la mguu dhidi ya kasi ya neva bado lina safu ya joto la chumba isiyojazwa. Bila joto la chumba, nyuzi za mguu haziwezi kulinganishwa kati ya siku na siku, kwa hiyo sura ya neva haitumwi kwa mpigachapa mpaka safu hiyo iongezwe kwenye fomu ya kurekodia.